Nani Aliyeyanywa Maji?

Kila mwaka kiangazi kinapofikia mwisho wake, hapa Tabora husikika maneno yale yale. Kisima kimekauka, lambo la kunyweshea ng'ombe limebaki tope, majani yamekuwa makavu hata hayafai kitu. Mmoja asema, "Ni kazi ya Mungu, tutafanyaje?" Mwingine asema, "Ni hawa wafugaji." Wa tatu awataja wachoma mkaa, wa nne wakulima wa tumbaku. Maneno hupita kutoka baraza hadi baraza chini ya miembe ya Cheyo, na kabla jua halijachwa hukumu imekwisha kutolewa, wala hakuna shahidi hata mmoja aliyeitwa.

Sisi twaona kwamba jambo hili si dogo. Anayesema kwamba maji yamechukuliwa na Mungu, kumbe yamechukuliwa na mtu, huyo amelitaja bure jina la Mungu, tena amemfichia mwizi. Naye anayesema kwamba maji yamechukuliwa na jirani yake, kumbe yamepandishwa na jua, huyo amemshuhudia jirani yake uongo. Amri ya pili, ya saba na ya nane zote tatu zaguswa katika neno moja la barazani. Kwa hiyo swali hili, "Nani aliyeyanywa maji?", ni swali la dhamiri kabla ya kuwa swali la wahandisi. Nasi twalileta mbele ya wasomaji wetu kwa sababu katika miaka hii yetu amepatikana shahidi mpya, naye yuko juu angani. Yatupasa kujua ushuhuda wake una thamani gani, na tukiisha kuusikia twadaiwa nini.

Tuanze na jambo lenyewe. Mvua ya Tabora hufika milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Mvua yaweza kupimwa na mtoto wa shule kwa chombo kilichosimamishwa uani. Maji ya mto yaweza kupimwa kwa mti wenye alama uliochomekwa ukingoni. Lakini fungu lililo kubwa kuliko yote haliendi mtoni wala kisimani. Hurudi angani likiwa mvuke, kutoka udongoni, mabwawani na katika majani ya miti na mimea. Duniani kwa jumla zaidi ya nusu ya mvua inyeshayo juu ya nchi kavu hurudi hewani kwa njia hiyo. Na katika nchi kama hii yetu, yenye jua kali na nusu mwaka wa ukavu, fungu hilo ni kubwa zaidi. Basi matumizi makubwa kuliko yote katika hesabu ya maji ndiyo yasiyoonekana kwa macho. Mwenye duka asiyejua matumizi yake makubwa yamekwenda wapi, mwisho wa mwezi atamshtaki mtumishi wake bure.

Je, kisichoonekana chaweza kupimwa? Jibu lilikuwamo nyumbani mwetu tangu zamani. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi ajua kwamba ni baridi kuliko ya ndoo ya bati. Kwa nini? Kwa sababu udongo wa mtungi hutoa jasho, na jasho lile likigeuka mvuke huondoka na joto. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwahitaji joto lipatalo mara saba ya lile la kuichemsha lita hiyo hiyo kutoka ubaridi wa mtungini. Joto hilo halitoki pengine. Latoka katika mtungi na maji yaliyomo. Kwa hiyo mtu akiweka mkono juu ya mitungi miwili iliyo kivulini, mmoja wenye maji na mwingine mkavu, aweza kujua bila kuchungulia ndani ni upi unaotoa jasho.

Nchi nayo ndivyo ilivyo. Mwanga wa jua uifikiapo ardhi, sehemu hurudishwa juu mara moja, kama inavyorudishwa na bati jipya. Nguvu ibakiayo hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza huipasha moto hewa. Fungu la pili huingia udongoni. Fungu la tatu huyageuza maji kuwa mvuke. Mahali penye maji, fungu la tatu ni kubwa, na ardhi hubaki na ubaridi. Mahali pakavu halina kazi ya kufanya, na ardhi huwaka. Basi mtu akijua jua limetoa nguvu kiasi gani, akajua ardhi ina joto gani, aweza kutoa fungu la kwanza na la pili, na kinachobaki ndicho kilichokwenda kwa mvuke. Ni hesabu ya kutoa tu, ingawa vipengele vyake ni vingi na vigumu.

Kazi ya kuweka mkono juu ya mtungi ndiyo inayofanywa na satelaiti. Tangu Julai 1972 vyombo vya Marekani viitwavyo Landsat vimekuwa vikipiga picha za uso wa dunia. Desemba 1999 kikarushwa chombo kingine, Terra, cha kuona joto la ardhi, kwa vipande vya kilometa moja mraba. Mwaka 1998 Wim Bastiaanssen wa Uholanzi na wenzake walikuwa wamekwisha kutangaza njia ya kuipiga hesabu ile ya mafungu matatu kwa picha za namna hiyo. Mwaka 2002 vikarushwa vyombo viwili vilivyofuatana angani, umbali wa kilometa 220 hivi kati yao. Hadi mwaka 2017 hivyo vilipima jinsi uvutano wa dunia ulivyozidi na kupungua chini yao, na kwa njia hiyo ulijulikana uzito wa maji yaliyoongezeka au kupotea katika nchi nzima, hata yaliyo chini ya ardhi. Na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifungua hazina ya vipimo vya mvuke kwa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti aweza kuitazama bila kulipa.

Wako wacha Mungu watakaouliza: Je, si kiburi kupima kazi ya Muumba? Je, mvua na jua si vyake? Swali hili halifai kudharauliwa, kwa maana Maandiko yenyewe yana kisa chake. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, na hesabu ile ikawa dhambi, ikaleta tauni. Lakini Yosefu naye alipima nafaka ya Misri miaka saba ya shibe, na kipimo kile kikawaokoa watu na njaa. Tofauti ni nini? Daudi alihesabu apate kuona ukubwa wake mwenyewe. Yosefu alipima kusudi awe na cha kuwapa wenye njaa. Kosa halikuwa katika hesabu, bali katika moyo wa mwenye kuhesabu na katika matumizi ya hesabu yake.

Na historia ya Kanisa yatuonyesha mfano ulio karibu kabisa na shauri letu. Mwaka 1639 mtawa Mbenediktini, Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, aliona kwamba ziwa la Trasimeno lililo karibu na mji wa Perugia, Italia, limepungua kwa ukame. Mvua iliponyesha, aliweka chombo cha kioo nje, akapima maji yaliyokusanyika kwa muda wa saa moja, apate kukadiria ziwa litapanda kwa kiasi gani. Mtawa huyo hakuona kwamba kipimo chake kimempunguzia Mungu utukufu. Alijua kwamba Muumba hakufanya vitu ovyo ovyo, na kwamba akili yetu tumepewa naye ili tuitumie.

Lakini sisi watu wa Tabora hatuwezi kusahau upande wa pili. Mwezi wa Novemba 1857 Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii, kwa njia ile ile ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Walibeba vyombo vya kupimia. Walichemsha maji na kutazama kipimajoto, maana maji huchemka mapema zaidi mahali palipoinuka, na kwa hiyo walikadiria kimo cha nchi. Vipimo vile havikusomwa barazani Kazeh, vilipelekwa London. Haikupita miaka 40 nchi hizi zikawa zimegawanywa kwa ramani, na mwezi wa Januari 1893 ngome ya Mtemi Isike ikaanguka mbele ya Wajerumani. Hatusemi kwamba kipimajoto ndicho kilichoiangusha. Twasema tu kwamba wageni walikuwa na vipimo vya nchi yetu, na wenyeji hawakuwa navyo. Na mwenye kipimo humshinda asiye nacho. Kwa hiyo kila tukisikia kwamba nchi yetu imepimwa kutoka juu, tuna haki ya kuuliza: Kipimo hicho ni cha nani, na kitasomwa wapi?

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe, nalo latuhusu katika kikombe tunachokunywa. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yaliyovutwa kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, yalifika kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama. Na kufikia mwaka 2021 yalikuwa yamefika Igunga, Nzega na Tabora mjini. Ni neema kubwa, nasi twamshukuru Mungu na wote waliofanya kazi hiyo. Mvua inyeshayo Tabora huenda kwa mto Igombe hadi Malagarasi na Ziwa Tanganyika, na mwisho katika mto Kongo. Lakini siku hizi twanywa maji ambayo, kama yasingevutwa, yangekwenda Misri kwa mto Nili. Basi mambo ya ziwa lile si mambo ya Wasukuma na Waganda peke yao. Yamekuwa mambo ya Cheyo.

Ziwa Viktoria lina tabia moja ya ajabu. Karibu sehemu nne katika tano za maji yaliingiayo ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Na karibu sehemu nne katika tano za maji yalitokayo hupanda angani kwa mvuke. Ibakiyo ndiyo itokayo Jinja, mahali Nili unapoanzia. Mwaka 1954 ulifunguliwa hapo ukuta wa Owen Falls, uitwao sasa Nalubaale, wa kufanyia umeme. Yalikuwako mapatano kwamba maji yatakayofunguliwa yawe kiasi kile kile ambacho mto ungetoa wenyewe kama ukuta usingekuwapo. Tangu mwaka 2000 kiwanda cha pili cha umeme, Kiira, kikaongezwa kando yake.

Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana, hata likafikia kimo cha chini ambacho hakikuonekana kwa miaka 80 hivi. Mitumbwi na meli zilikwama mbali na gati, na mabomba ya kuvutia maji yakabaki juu. Sababu ni nini? Ukame, walisema wengi. Mvua zimekosekana na jua limezidi. Na kweli mvua zilikuwa chache. Lakini satelaiti zilikuwa zikipima kimo cha ziwa tangu mwaka 1992, kwa mawimbi ya rada yapigayo maji na kurudi, na vipimo vile vilitangazwa wazi kwa dunia nzima. Wachunguzi wakavichukua, wakahesabu mvua iliyonyesha na mvuke uliopanda, wakauliza: Kwa ukame wa namna hii, ziwa lilipaswa kushuka kiasi gani? Jibu lao lilikuwa kwamba karibu nusu ya kushuka kule ilitokana na ukame. Karibu nusu nyingine ilitokana na maji yaliyofunguliwa Jinja kupita mapatano.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu ndugu zetu wa Uganda. Nchi ile ilikuwa katika shida kubwa ya umeme, na hospitali na shule zahitaji umeme kama zinavyohitaji maji. Huenda sisi tungefanya vile vile. Twalitaja jambo hili kwa sababu lafundisha somo lenyewe. Kama mvuke usingepimwa, nusu ya watu ingefunikwa kwa nusu ya Mungu, na hakuna ambaye angeweza kuzitenga. Wavuvi na wanywaji wa pwani zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, wangeambiwa wapige magoti na kuomba mvua, wakati ambapo kwa nusu ya taabu yao walikuwa na haki ya kuketi mezani na kuuliza. Sala ni wajibu wetu siku zote. Lakini kumwelekeza mtu kwenye sala kusudi asiulize haki yake ni kuitumia sala vibaya.

Hilo ni upande mmoja wa upanga, ule unaowagusa wenye nguvu. Tazameni sasa upande wa pili, unaowalinda wanyonge. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lawama iliwaangukia wafugaji wa bonde la Usangu, wengi wao Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka huku kwetu na nchi za jirani. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa kwa wingi pamoja na mifugo yao. Lakini wachunguzi waliotumia picha za satelaiti na vipimo vya mito walikuwa wameonyesha kwamba sababu iliyo kubwa ni maji yaliyokingwa mitoni na kupelekwa mashambani katika miezi ya kiangazi.

Msomaji aweza kujipigia hesabu mwenyewe. Ng'ombe mmoja siku ya joto hunywa lita 30 hadi 40. Shamba la mpunga lililojaa maji, likitoa mvuke wa milimita 5 kwa siku, hutoa lita 50,000 katika kila hekta. Yaani hekta moja ya mpunga huyapeleka angani maji ambayo yangenywesha ng'ombe elfu moja na zaidi. Hatusemi kwamba mkulima wa mpunga ni mwovu. Yeye hutulisha, na wali wake tunaula. Wala hatusemi kwamba ng'ombe hawaharibu kitu, maana kwato zao huumiza nchi zikiwa nyingi mno. Lakini ng'ombe huonekana akinywa, na mvuke hauonekani ukipanda. Kwa hiyo macho ya watu yalimhukumu anayeonekana. Mfugaji aliyefukuzwa kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake ametendewa isivyo haki, hata kama waliomfukuza walidhani kwa moyo safi kwamba wanauokoa mto. Kutojua humpunguzia mtu hatia pale tu ambapo hakuwa na njia ya kujua.

Baada ya kumsifu shahidi huyu, haki yatudai tumhoji pia, maana yeye naye aweza kukosea. Torati ya kale ilitaka mashahidi wawili au watatu, wala haikutosheka na mmoja.

Kwanza, satelaiti haiuoni mvuke wenyewe. Huona joto, na mvuke hupatikana kwa hesabu. Kosa dogo katika joto au katika upepo huwa kosa kubwa katika jibu. Ndiyo maana vipimo vya angani havina budi kusahihishwa kwa vipimo vya ardhini, na vyombo vya ardhini katika Afrika ni vichache. Speke naye alipima kwa uaminifu kwa vyombo alivyokuwa navyo, lakini Ziwa Tanganyika lilipewa kimo cha futi 1,850, hali kimo chake cha kweli chapita futi 2,500. Uaminifu wa mpimaji haukukisahihisha kipimo chake.

Pili, mawingu huliziba jicho lionalo joto. Katika miezi ya masika, wakati maji yanapotembea kwa wingi, ndipo satelaiti nyingi hazioni kitu siku baada ya siku, na wahesabuji hujaza mapengo kwa kukisia.

Tatu, jicho la mbali hukosea hata katika mambo ambayo wazee wetu wayajua. Misitu yetu ya miombo, yenye mitundu, miyombo na mininga, huchipua majani mapya kabla ya mvua kufika, wakati nchi ingali kavu kabisa. Kila mfuga nyuki wa Sikonge na Urambo alijua hayo tangu utoto wake. Miti hiyo hunywa maji ya chini sana, iliyoyahifadhi tangu masika. Wachunguzi walipoweka vyombo juu ya miti ya miombo katika bonde la Luangwa, nchini Zambia, wakatangaza mwaka 2023 kwamba hesabu nyingi za satelaiti zilikuwa zimepunguza mvuke wa miti hiyo wakati wa kiangazi. Hesabu hizo zilidhani kwamba nchi kavu ina miti iliyolala, kumbe miti ilikuwa macho. Basi mtaalamu anayekuja na ramani yake yampasa kwanza kuketi na mzee wa kijiji, naye mzee asiidharau ramani kwa sababu imetoka mbali.

Nne, na kwa maoni yetu hili ndilo lenye uzito kuliko yote, wastani humficha maskini. Kipande kimoja cha picha chenye kilometa moja mraba ni hekta 100, yaani eka 247. Mashamba ya eka moja moja ya watu 200 na zaidi huwa doa moja lenye rangi moja. Kama mashamba 150 yana unyevu na shamba la mjane limekauka, doa litasema, "Hapa hali ni njema." Mwenye mamlaka atakayegawa chakula au maji kwa kutazama doa hilo peke yake atampita mjane kama yule kuhani aliyempita mtu aliyejeruhiwa njiani. Mungu ahesabuye nywele za vichwa vyetu hana wastani. Kila mmoja wetu amjua kwa jina lake. Sisi tunaopima kwa madoa tusisahau kwamba ndani ya doa mna watu.

Kwa hiyo twasema hivi: kipimo cha angani ni shahidi, wala si hakimu. Yatupasa kumwita, kumsikiliza, na kumhoji. Kisha kuhukumu ni kazi ya dhamiri na ya sheria. Lakini asiitwe na upande mmoja tu. Mtume Yakobo atufundisha kwamba ajuaye kutenda mema, asiyatende, huyo ana dhambi. Zamani kiongozi aliyesema, "Hatukujua maji yalikokwenda," alisema kweli. Siku hizi kipimo kipo na kiko wazi. Asiyejua, na ana ofisi na mtu wa kumsomea, amechagua kutojua.

Tuna maombi machache, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwa wenye mamlaka juu ya maji twaomba kwamba wasiseme mbele ya watu, "Ni ukame tu," kabla ya kuonyesha hesabu: mvua ilikuwa kiasi gani, mvuke kiasi gani, na nani alipewa kibali cha kuchukua kiasi gani. Hesabu hiyo isomwe katika mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka na mwanakijiji, na wazee na akina mama wapewe nafasi ya kusema palipokosewa. Kwa walimu na mapadre wa parokia twaomba kila shule na kila misioni iwe na kipimamvua na daftari lake, na liandikwe kila siku saa tatu asubuhi bila kukosa. Daftari la miaka kumi ni shahidi wa pili, na bila yeye yule wa juu hawezi kusahihishwa.

Na kwetu sote, waandishi na wasomaji, twaomba kuitazama dhamiri. Mkoa wetu wapata fedha kwa tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Jembe limeingia msituni, na mkaa wa chakula cha mjini watoka huko huko. Msitu ukikatwa, jicho la juu huona mara moja kwamba mahali palipokuwa na ubaridi pamekuwa moto, maana mizizi iliyokuwa ikivuta maji ya chini na kuyapeleka hewani haipo tena. Picha hizo hazikutiwa chumvi na adui yetu. Ni kazi ya mikono yetu, imeandikwa kwa joto juu ya nchi yetu wenyewe. Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia alikumbusha kwamba kumnyima maskini maji ni kumnyima haki ya kuishi. Anayeukata msitu leo amnyima mjukuu wake, ambaye hayupo barazani kujitetea.

Hivyo kiangazi kijacho, mtu atakaposema chini ya mwembe, "Ni kazi ya Mungu," tumwulize kwa upole, "Umepima?" Na atakaposema, "Ni fulani," tumwulize vile vile. Tuendelee kuomba mvua katika kila Misa, maana mvua ni zawadi, na hakuna satelaiti iwezayo kuinyesha. Lakini ikiisha kunyesha, sisi ndio mawakili wake, na wakili ataulizwa hesabu.